Mtakula Wapi Mkifika Korogwe?

Yamkini wewe ni mmoja wa wale ambao, likizo ikifika, hufunga mizigo, hukusanya watoto na kupanda basi la kwenda kuwasalimu wazee mkoani Tanga. Nauli umeiweka akiba tangu mwezi uliopita. Sukari na khanga za mama umekwisha nunua. Jambo moja husahauliwa mpaka basi limeipita Chalinze na kitinda mimba ameanza kulia: mtakula wapi?

Mabasi yana vituo vyake vya chakula. Usidhani kwamba kituo huchaguliwa kwa sababu wapishi wake ni hodari. Aghalabu dereva na utingo hula hapo bure, kwa kuwa wamemletea mwenye hoteli abiria wenye njaa waliopewa dakika chache tu. Mteja wa namna hiyo hana nafasi ya kulalamika; kuku akiwa mgumu kama kandambili, atalipa na kurudi kitini. Kwa hiyo, ikiwa mnashuka Korogwe, tulizeni matumbo kwa machungwa yanayouzwa madirishani pale Segera, kisha mkashibe mjini.

Korogwe imezoea wageni. Reli kutoka Tanga ilifika hapo mwaka 1902, na mwaka 1963 kipande cha kati ya Ruvu na Mnyusi kikaiunganisha na Reli ya Kati. Barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha nayo inapita papo hapo. Msipumbazwe, basi, na hoteli za kandokando ya barabara zenye vioo na redio kubwa. Ulizeni njia ya soko la Manundu. Ukimkuta fundi baiskeli au mpagazi, usimwulize, “Hoteli nzuri iko wapi?” kwani atakuonyesha ile ya bei kubwa akidhani ndiyo heshima yako. Mwulize, “Ndugu yangu, wewe mwenyewe hula wapi mchana?” Hapo utapata jibu la kweli.

Ukifika, tazama kabla ya kuketi. Je, wanaokula ni watu wa hapo hapo, wanaomwita mpishi kwa jina la mwanawe? Je, sufuria iko motoni, au chakula kimefunikwa kikingoja bahati? Mimi huangalia zaidi beseni la kuoshea vyombo kuliko chakula chenyewe. Maji yakiwa meusi kama ya dimbwi, shukuru na uondoke. Kipindupindu kilipoenea nchini kuanzia mwaka 1977, wengi walijifunza jambo hili kwa machozi, na ugonjwa huo haujatuaga hata leo. Mtu mzima anaweza kustahimili tumbo la kuhara. Mtoto mdogo huishiwa maji mwilini kwa saa chache tu, naye yumo ndani ya basi lisilosimama. Chakula kinachotoka motoni kikifuka moshi, tunda unalolimenya mwenyewe na chai iliyochemka ni salama kuliko kachumbari ya hoteli ya vioo.

Na mle nini? Mahali pengi mtapewa wali na maharage, ambavyo mnavila nyumbani kila juma. Ulizeni bada. Huu ni ugali wa muhogo mkavu, mweusimweusi na wenye kunata, ambao wenyeji wa Tanga huuteremsha kwa samaki au kwa mchunga, ile mboga chungu ambayo mgeni huikunjia uso siku ya kwanza na kuiulizia siku ya tatu. Hakuna hoteli ya watalii itakayokupikia.

Wafaransa nao wana vijihoteli vya namna hii, waviitavyo bistro: meza chache, vyakula viwili vitatu, mwenye duka mwenyewe jikoni. Wapo wasemao kwamba neno hilo liliachwa Paris na askari wa Kirusi mwaka 1814, waliokuwa wakihimiza waletewe vinywaji upesi. Lakini halionekani katika maandishi mpaka mwaka 1884, na mabingwa wengi wa lugha hawaisadiki hadithi hiyo. Lililo la hakika ni kwamba nyingi zilianzishwa na watu wa milima ya Auvergne waliokwenda mjini kuuza makaa, wakaongeza divai, kisha sahani ya chakula. Neno letu mgahawa limetokana na kahawa, na mama ntilie wengi nao walitoka mashambani na sufuria moja. Tofauti ni kwamba mwenye bistro alipata sifa, na mama ntilie, baada ya Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983, alipata kukimbizwa na mgambo kana kwamba kupika si kazi.

Sasa tupande Dindira. Ni kata ya Wilaya ya Korogwe, katika milima ya Usambara, na kadiri unavyopanda ndivyo joto la bondeni linavyobaki nyuma na mashamba ya chai yanavyojitokeza kati ya migomba. Chai ililetwa nchini na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, ikajaribiwa Amani, ng'ambo ya pili ya Usambara. Huku juu usitafute kibao chenye maandishi. Tafuta moshi. Anayeuza chakula huwa na benchi moja na birika, na hupika kwa kuhesabu vichwa: wachumaji chai kadhaa na mwalimu mmoja. Mgeni akitokea ghafla saa nane mchana hukuta sufuria imeoshwa, naye hulala njaa huku akilaumu kijiji.

Dawa yake ni adabu. Unapopita asubuhi, simama umwamkie.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu, karibu chai.”

Kunywa hiyo chai, uliza bei palepale, kisha mwambie mko wangapi na mtarudi saa ngapi. Ataongeza maharage na ndizi chunguni, na pengine atamtuma kijana bustanini kuchuma mboga. Msichelewe kurudi, kwa maana wachumaji hurejea na njaa, na sufuria haimngoji mtu.