Mlango Ulifungwa, Kazi Haikufungwa

Mashine ya kukamua alizeti niliyoiandikia "imefungwa kabisa" ilikuwa nzima. Ilikuwa inasubiri alizeti. Mtoto yeyote wa Mwankoko angenieleza jambo hilo bila kukuna kichwa, lakini sikumuuliza mtoto wala mtu mzima. Baya zaidi, kuna mtu aliyenieleza bila kuulizwa, na sikumsikia.

Nayaandika haya kwa kuwa hayamo katika ripoti yoyote. Ripoti yangu ya mwezi ule ilisifiwa kwa unadhifu.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu kuieleza. Mradi mmoja wa masoko ya mazao, ambao sitautaja jina kwa kuwa kosa lilikuwa langu, ulitaka kujua nani anafanya biashara gani, na yuko wapi, katika kata za pembezoni mwa Manispaa ya Singida. Mashine za kukamua na za kusaga, maduka ya pembejeo, mawakala wa fedha za simu, mafundi pikipiki, magenge. Kila biashara iwe na jina, alama ya mahali, namba ya simu na hali yake. Orodha ya kwanza ilikusanywa na wenzetu wakati wa mavuno. Mimi nikapewa kuihakiki, na zamu yangu ikaangukia Februari.

Mtu wa Singida akishasoma hiyo Februari ameelewa habari inakokwenda. Wengine niwaeleze. Kwetu mvua ni ya msimu mmoja: huanza Novemba au Desemba, hukatika Aprili au Mei. Februari ni palizi. Mwankoko imo ndani ya mipaka ya manispaa, na watu wa mjini wanalijua jina hilo kwa sababu ya visima vinavyowaletea maji, lakini mwaka wa pale unakwenda na jembe. Mwenye duka analima. Fundi baiskeli analima. Wakala wa fedha za simu, kibanda chake kikiwa na kufuli asubuhi, yumo shambani na laini zake mfukoni, na mwenye shida ya kutoa hela anajua njia ya kumfuata. Ukipita saa nne asubuhi na simu yako ya kazi, utaona barabara ya makufuli. Jioni pale pale kuna mishikaki, kuna redio, kuna foleni ya vocha. Mashine za alizeti ndizo zinazolala muda mrefu kuliko zote, kwa sababu mbegu za mwaka jana zimekwisha na za mwaka huu bado zina majani. Huamka Mei au Juni, zikanguruma mpaka gunia la mwisho liishe.

Sikuwa mgeni kabisa wa mambo haya. Naishi Singida mjini, mafuta ya kula nanunua ya hapa hapa, na najua kwamba mwaka 2021 Serikali iliitaja Singida, pamoja na Dodoma na Simiyu, kuwa mikoa ya kipaumbele kwa zao la alizeti. Ila nilikuwa najua msimu kama mlaji anavyoujua: kwa bei ya dumu.

Makosa niliyoyajua vizuri yalikuwa ya kitaalamu, na hapo ndipo kiburi changu kilipokaa. Singida iko karibu nyuzi 4.8 kusini mwa ikweta na 34.7 mashariki. Ukisahau alama ya kutoa mbele ya ile namba ya kwanza, genge la Mwankoko linahamia kaskazini mwa Lokichoggio, kwenye pembetatu ya Ilemi, ardhi ambayo mpaka wake Kenya na Sudan Kusini hawajaumaliza. Nilikuwa nikiyakamata hayo kwa kutupa jicho. Nilijua pia kwamba ramani zetu za zamani zilichorwa kwa mfumo wa vipimo wa Arc 1960, ilhali simu hutumia WGS 84, na kwamba ukichanganya mifumo hiyo miwili bila kubadilisha, alama inasogea takribani mita 300 kuelekea kaskazini au kusini. Mita 300 shambani zinatosha kumpa mtu kisima cha jirani yake.

Nilipenda kuwasimulia wenzangu habari ya orodha ya vituo vya maji vya Tanzania iliyotolewa kwa umma ili wachambuzi wa takwimu duniani washindane nayo. Ina vituo 59,400, na zaidi ya 1,800 kati ya hivyo, vya Shinyanga na Mwanza, vina sifuri mahali palipopaswa kuwa na namba za mahali. Ukiviweka kwenye ramani vinaangukia Ghuba ya Guinea, baharini, upande wa pili wa Afrika. Watu walicheka, nami nilicheka nao.

Sasa naona makosa ya namna hiyo yana heri yake. Kisima kilicho katikati ya bahari kinajishtaki chenyewe. Hakuna mhandisi atakayetumwa na boti kwenda kukitengeneza. Kosa langu mimi lilikuwa mahali panapostahili, na herufi zake sahihi, na picha juu.

Banda la ile mashine lilikuwa la bati, mlango wa mbao mbili, kufuli kubwa. Nyasi zilikuwa zimeota mpaka kwenye kizingiti, na mbele ya mlango hapakuwa na alama ya tairi wala ya mguu. Namba ya simu ilikuwa imeandikwa kwa rangi ubaoni, mvua imeshaanza kuifuta. Nikaipiga mara moja, haikupatikana. Nikachungulia kwenye ufa: giza, viroba vichache vya mashudu vimepangwa vizuri, na ukutani mita ya luku ikiwa na kitaa chake chekundu. Mtu aliyeiacha biashara hapangi mashudu vizuri namna ile, wala haachi mita yenye umeme. Hayo niliyaona kwa macho yangu, na sikuyafikiria hata kidogo, kwa sababu fomu haikuwa na mahali pa kuyaweka.

Fomu ilitoa majibu matatu kwa hali ya biashara: inafanya kazi, haikupatikana, imefungwa kabisa. "Haikupatikana" maana yake ilikuwa kurudi siku nyingine, na ukiwa nazo nyingi msimamizi anakupigia. Tulilipwa kwa rekodi iliyokamilika. "Imefungwa kabisa" ilikuwa rekodi iliyokamilika. Nadhani sina haja ya kuendelea na hesabu hiyo.

Barazani kwa jirani palikuwa na mzee ameketi. Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba, akaniangalia ninavyozunguka lile banda, akasema, "Unamtafuta mama? Mama yuko shambani." Nikasema asante mzee, nikabonyeza "imefungwa kabisa", nikapiga picha ya kufuli kwa kuwa fomu ilitaka ushahidi. Picha ile ilithibitisha kufuli, basi. Kwa mzee yule maneno "mama yuko shambani" yalikuwa jibu kamili: biashara ipo, mwenyewe yupo, sasa hivi si wakati wake, njoo baadaye. Mimi nilisikia habari za mama tu, tena mama nisiye na shida naye.

Siku ile sikuiandikia hivyo mashine yake peke yake. Wengine siwezi kuwataja wote, kwa sababu baadhi yao sikuwahi kujua kama walikuwa wamefunga kweli.

Mei ilipofika, mradi ukatoa fedha za awali za kununulia mbegu kwa wenye mashine waliokuwa kwenye orodha kama "inafanya kazi", na ukawaunganisha na wanunuzi wa mafuta. Wakulima wakasikia wapi kuna fedha taslimu. Gunia halipendi kukaa nyumbani likisubiri, ada za shule hazisubiri pia, kwa hiyo magunia yakapita mbele ya lile banda juu ya guta na pikipiki, yakaenda kwingine na mengine mpaka mjini. Mama akakopa kwenye kikoba chake ili apate angalau cha kuanzia. Alikamua, lakini kwa kuokoteza.

Nilirudi Mwankoko msimu huo huo kwa kazi nyingine. Mama alinitambua kwa fulana ya mradi. Hakupandisha sauti, na ningependa angepandisha.

"Mwanangu, ndiye wewe uliyeandika kwamba nimefunga?"

Nikasema, "Ndiyo, mama."

"Mlango nilifunga. Kazi sijafunga. Uliona kaburi?"

Sikuwa na la kujibu, nikaanza kumweleza habari za fomu, majibu matatu, msimamizi. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu ambayo mimi sikuionyesha mlangoni kwake, kisha akauliza kama hiyo fomu niliijaza mimi au ilijijaza.

Nimelifikiria sana swali hilo. Kuandika kwamba biashara ipo ni jambo jepesi: unaiona, unaandika. Kuandika kwamba haipo tena ni dai zito zaidi, na macho peke yake hayatoshi. Anatakiwa mtu wa pale anayesema ilikufa lini na kwa nini. Sisi tulifanya kinyume. Kwa kuingiza biashara mpya tulidai jina, simu, picha mbili na sahihi. Kwa kuitoa, kufuli lilitosha. Tena aliyeingizwa kimakosa atagunduliwa siku moja, kwa sababu mtu ataenda kumtafuta na kumkosa. Aliyetolewa hatafutwi na yeyote. Na mwenyewe hawezi kulalamika, kwa sababu hata hajui kulikuwa na orodha.

Wapo waliolijua hilo kabla yangu. OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri, huhifadhi historia ya kila alama, na ina namna ya kuandika kwamba duka halitumiki kwa sasa bila kulifuta, pamoja na tarehe ya mara ya mwisho kukaguliwa. Ramani Huria, iliyoanza Dar es Salaam mwaka 2015 kwa ajili ya mafuriko, iliwatembeza wanafunzi wa vyuo mitaani pamoja na wakazi wenyewe, maana picha ya angani haionyeshi maji yalifika dirisha gani mwaka juzi. Mwenye dirisha ndiye anayejua. Na ile orodha ya vituo vya maji niliyoicheka? Kwenye sehemu ya kiasi cha maji ilikuwa na majibu ya kuchagua, na mojawapo ni "ya msimu". Waliokusanya habari za visima walijua kwamba kisima kinaweza kukauka Oktoba na kuwa hai Machi. Orodha yenye visima baharini ilikuwa na kisanduku nilichokihitaji mimi mbele ya lile banda.

Kuna mtu aliniambia kwa kunifariji kwamba hata operesheni ya anwani za makazi, aliyoizindua Rais Samia Dodoma tarehe 8 Februari 2022 ili ikamilike kabla ya sensa ya Agosti mwaka huo, ilianza kipindi hicho hicho cha palizi. Ni kweli. Lakini nyumba haiendi palizi. Kibao cha namba unakipigilia mwenyewe akiwepo au asiwepo, na nyumba ni ile ile jioni. Mimi sikuwa nikihesabu nyumba.

Nilirudisha rekodi zote nilizozikumbuka, nikaomba kwenye fomu liongezwe jibu la nne, lenye miezi ya kufungua na kufunga, na jina la aliyetoa habari hiyo. Nikapewa kisanduku cha maelezo. Si haba, ingawa wanunuzi hawakisomi, na nakala za zamani za orodha zilikwisha kusambaa kwenye kompyuta za watu ambao hata sijui ni akina nani.

Nilipokwenda kumwambia mama kwamba amerudi kwenye orodha, nilitegemea shukrani kidogo. Akauliza ni nani alinipa ruhusa ya kuandika namba yake ya simu mwanzoni. Tangu orodha ile itoke, alisema, anapigiwa na watu asiowajua: wa mikopo ya haraka, wa mbegu za miujiza, na mmoja aliyedai anatoka mahali pa kodi. Wakati huo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilikuwa imeshaanza kutumika, tangu Mei 2023. Nilikuwa nimehudhuria hata mafunzo yake. Namba tuliinakili mlangoni, na kwa akili zetu kilichoandikwa mlangoni ni cha kila mtu. Yeye aliiandika kwa ajili ya mtu aliyesimama pale na gunia.

Tukakubaliana: mashine ibaki, miezi iandikwe, simu itoke. Nikakaa kivulini kwa yule mzee jirani nibadilishe. Fomu ikakataa. Rekodi isiyo na namba ya simu haihifadhiwi.

Nikaandika namba yangu.

Kwa hiyo taarifa ile bado ina uongo, na safari hii nimeuandika nikiwa na akili timamu. Kila mwaka kuanzia Mei napigiwa simu na watu wa Kahama, wa Mwanza, wa Babati, wakitaka kujua mashudu yanauzwaje na kama mafuta yamechujwa mara moja au mbili. Nampigia mama, ananipa bei, nawarudia. Juzi mmoja alinilaumu kwamba bei yangu imepanda kuliko ya mwaka jana.