Kabla Hujanunua Kabati la Sinki, Fikiria Udhu



Wengi wenu mnajiandaa kuingia nyumba mpya, na wengine mnakarabati za zamani. Leo tuzungumze kuhusu kabati la sinki la bafuni, lile lenye beseni juu, milango chini na kioo ukutani. Sisi ni mke na mume kutoka Unguja. Kazi imetuleta Vwawa, makao makuu ya Mkoa wa Songwe, na tumekarabati nyumba ya matofali ya kuchoma. Fungu la bafu lilitosha jambo moja tu: ama kabati lenye kioo cha taa tuliloliona dukani Tunduma, ama kazi ya mafundi wa hapa hapa. Na Mama alikuwa anakuja kuishi nasi, magoti yake hayamruhusu tena kuinua mguu.

Hatukukubaliana mara moja, maana mmoja wetu alishakipenda kile kioo. Mama alipoulizwa hakutaka kuchagua. Alisema tu, "Wanangu, mie nipatieni pahala pa kukaa, mengine yenu."

Neno hilo lilitufanya tujiulize sinki ni la kazi gani. Katika nyumba ya Kiislamu kazi yake kubwa ni udhu, kila siku. Aya ya 6 ya Suratul Maida inataja uso, mikono mpaka viwikoni, kupaka kichwa, na miguu mpaka vifundoni. Kabati la dukani limetengenezwa kwa ajili ya uso na viganja. Viwiko vinamwaga maji pembeni, na miguu haina pake. Matokeo mnayajua: mtu anapandisha mguu kwenye beseni, sakafu inarowa, mtu mzima anateleza.

Wazee wetu wa pwani walilijua hili. Katika nyumba za mawe za Lamu na Unguja maji yaliwekwa kwenye birika lililojengewa, yakatekwa kwa kata, na mtu akatawadha bila kuhangaika na mguu. Sisi tulitaka wepesi ule ule, kwa bomba.

Jambo la kwanza tulilochagua ni mahali. Tulilitoa sinki nje ya choo, tukaliweka kwenye ujia kati ya bafu na chumba cha Mama. Wanavyuoni wamechukia kulitaja jina la Allah chooni, na udhu unaanza kwa Bismillah. Ukiweza kutenganisha, hata kwa ukuta mfupi na mlango, utatawadha kwa utulivu.

La pili ni urefu. Beseni liko kama sentimita 80 kutoka sakafuni, nasi tunanawa bila kuinama sana. Pembeni yake fundi bomba aliteremsha koki nyingine ya chini, mbele yake akajenga kibaraza cha kukalia chenye marumaru zisizoteleza, na sakafu akaipa mwinamo kuelekea kwenye tundu la maji. Ukutani kuna chuma cha kushikia wakati wa kuinuka.

La tatu ni kabati lenyewe. Mbao za unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi zinavutia dukani, lakini maji yakiingia kwenye kingo zinavimba na milango haifungi tena. Seremala wa hapa alitutengenezea la mninga, akalipaka vanishi kote, hata nyuma na chini ambako hakuonekani. Tuliomba liwe na miguu, lisikae sakafuni, ili maji yapite na deki ipite. Upande mmoja wa juu tuliuacha mpana, maana Juni na Julai baridi ya Vwawa si mchezo. Hapo ndipo linapokaa birika la maji ya moto ya kuchanganyia. Kutimiza udhu vizuri wakati wa tabu kuna ujira, lakini hakuna aliyetukataza kupasha maji.

La nne ni koki. Mtaani kwetu maji hayatoki kila siku, tunategemea tangi. Tulichagua koki za kuzungusha zinazotoa maji membamba. Anas bin Malik amepokea, katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, na akioga kwa pishi moja hadi mudi tano. Mudi ndiyo kibaba chetu, haifiki lita moja. Jaribuni siku moja kukinga maji ya udhu wenu kwenye ndoo, mtaona tofauti.

Kioo tulikata kwa fundi vioo, cha kawaida, bila taa. Kinatosha kufungia mtandio.

Kule Unguja Mama alikuwa akimwamsha mjukuu alfajiri amtilie maji, na jambo hilo lilimtia haya. Siku nyingine alisubiri mpaka mtoto aamke mwenyewe, roho ikimuuma kwa kuchelewesha swala. Sasa kabla ya adhana tunasikia koki ya chini ikifunguliwa, kisha ikifungwa. Hatumfuati. Anatoka mwenyewe, anaelekea kwenye mswala wake.

Bibi harusi mtarajiwa, vitu vizuri ni neema na hakuna ubaya kuvipenda. Lakini ukienda dukani nenda na futi kamba, na kabla ya kuuliza bei jiulize wazazi wenu wakija kuwatembelea watatawadha wapi. Mwulize na mwenzako. Ni mazungumzo madogo, lakini yatakuonyesha mengi kuhusu nyumba mnayotaka kuijenga pamoja.

Allah azijaalie nyumba zetu ziwe za tahara, utulivu na huruma. Aamin.