Fiddlers Ferry, Mahali Palipooshwa Majivu

Kati ya miji ya Widnes na Warrington, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, mto Mersey hupita kwa kujipinda-pinda, na maji yake ya rangi ya udongo hujaa na kupwa pamoja na bahari. Ukingo wa kaskazini ni nchi tambarare yenye vinamasi, mashamba, njia ya reli na kijiji kidogo kiitwacho Cuerdley. Hapo kale palikuwa na kivuko cha mashua, na ndicho kilichopapa mahali hapo jina la Fiddlers Ferry. Lakini kwa muda wa nusu karne aliyelitaja jina hilo hakuwa na habari ya mashua. Alikusudia minara minane ya kupozea maji, kila mmoja wenye urefu wa mita 114, na dohani moja ya mita 200 iliyosimama katikati yake. Mwenyeji aliyekuwa akirudi kwao kutoka mbali aliiona minara hiyo kabla hajaliona paa la nyumba yake.

Kilikuwa kituo cha umeme wa makaa ya mawe. Ujenzi ulianza mwaka 1964, na kufikia mwaka 1973 mitambo yake yote minne ilikuwa ikifanya kazi, ikitoa umeme wa karibu megawati 2,000. Siku ya kazi kamili kituo kiliteketeza tani 16,000 za makaa. Mtu akitaka kuipima hesabu hiyo kwa macho, na afikirie malori 1,600 ya tani kumi kumi yakipita mlangoni pake toka alfajiri moja hadi alfajiri ya pili. Maji yaliyotumika kwa siku yalifika lita milioni 195, nayo yalivutwa kutoka Mersey.

Nchi yenyewe ni mtoto wa makaa. Mfereji wa Sankey, uliochimbwa ili kuteremsha makaa ya St Helens hadi mtoni, ulifunguliwa mwaka 1757, nao ni miongoni mwa mifereji ya kwanza ya zama za viwanda nchini humo. Mwaka 1762 ulirefushwa hadi Fiddlers Ferry, na mwaka 1833 ukafika Widnes. Baada ya makaa vikaja viwanda vya magadi na sabuni, cha kwanza Widnes kikijengwa mwaka 1847, na pamoja navyo vilima vya takataka nyeupe-kijivu zilizonuka mayai viza. Vizazi vya Widnes vimeishi na vilima hivyo. Kwa hiyo kituo kilipoanza kumwaga majivu yake katika mabwawa yaliyozungushiwa matuta kandokando ya mto, wenyeji hawakuona jambo geni. Walikuwa watu waliozoea kubakiziwa.

Tena majivu hayo hayakuwa haba. Ikiwa katika kila sehemu 100 za makaa sehemu 15 haziungui, basi tani 16,000 huacha tani 2,400 za majivu kwa siku moja tu. Sehemu kubwa zaidi, yapata nne kwa tano, haianguki chini ya tanuri bali hupaa pamoja na moshi. Kama ingeachwa itoke dohanini, nguo zilizoanikwa Warrington zisingalikauka zikiwa nyeupe. Ndiyo maana kabla moshi haujaifikia dohani hupitishwa katikati ya mabamba yenye nguvu kubwa ya umeme. Mabamba hayo huivuta vumbi na kuikamata, isipokuwa chembe chache sana.

Jivu hili halifanani na jivu la jikoni. Makaa husagwa kwanza yakawa laini kuliko unga, kisha hupulizwa ndani ya tanuri lenye joto la digrii 1,400 au zaidi. Udongo uliokuwa umejificha ndani ya makaa huyeyuka, hugeuka matone, na matone hayo hupoa yakiwa bado hewani. Mtu akilitazama jivu hilo kwa darubini haoni vumbi bali vigololi vya kioo, vingine vidogo mara mia kuliko unene wa unywele. Baadhi vina uwazi ndani, mithili ya mapovu ya sabuni yaliyogeuka kioo. Kati yao mna vipande vyeusi vya makaa ambavyo havikuwahi kuungua, na chembe nzito za madini ya chuma.

Hapo ndipo lilipozuka wazo la kuliosha. Jivu likitiwa majini kila kitu hujitafutia mahali pake, na mama yeyote aliyewahi kutoa mawe katika mchele au kuengua povu la nyama chunguni hahitaji kusoma chuo ili aifahamu kazi yenyewe. Mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii, kampuni ya RockTron ilijenga karibu na kituo hicho kiwanda kikubwa cha kulitenga jivu kwa maji, na hesabu yake ilikuwa kuosha hata tani 800,000 kwa mwaka. Kilikusudiwa kula jivu la siku hiyo na lile la zamani lililolala mabwawani.

Kazi yenyewe huenda hivi. Jivu huchanganywa na maji likawa uji mwepesi, na vile vigololi vyenye uwazi huelea juu vikaenguliwa. Ni vichache, mara nyingi sehemu moja au mbili katika mia, lakini ndivyo vyenye bei. Hutiwa katika rangi, plastiki na saruji ya visima vya mafuta, kwa kuwa ni vyepesi, havichukui maji wala haviogopi moto.

Kuyatoa makaa yasiyoungua ndiyo kazi ya werevu zaidi. Kitone cha mafuta ya jamii ya mafuta ya taa hutiwa ndani ya uji ule. Kioo hupenda maji, makaa hupenda mafuta, basi makaa huvaa mafuta na kuyakimbia maji. Hewa inapopulizwa kutoka chini, kila povu linalopanda hubeba makaa yake kama mashua ibebavyo abiria, na juu hufanyika povu jeusi zito ambalo huparuzwa kando. Makaa hayo huweza kurudishwa tanurini yakachomwa mara ya pili. Hila hii haikubuniwa kwa ajili ya majivu. Ni ile ile itumikayo migodini kutenga shaba na mawe, na wafanyakazi wa migodi ya Zambia na Katanga wanaijua kwa miaka mingi.

Kisha uji hupita mbele ya sumaku, na sumaku hunyakua chembe za chuma. Chuma hicho nacho kina mnunuzi wa ajabu kidogo. Kikisagwa na kuchanganywa na maji hufanya kimiminiko kizito ambacho viwanda vya kusafishia makaa hukitumia kuzamisha mawe na kuelesha makaa. Mtoto, kwa maneno mengine, hurudi kumwogesha mama.

Kinachosalia, nacho ndicho kingi kupita vyote, ni vigololi vizima vya kioo. Hivi huzungushwa kwa kasi ndani ya vyombo vyenye umbo la faneli, vizito vikatokea chini na vilaini juu. Hivyo vilaini, vikichanganyika na chokaa na maji, huganda vikawa kama jiwe. Warumi wa kale walilijua jambo hilo kwa majivu ya volkano ya Pozzuoli. Zege lenye jivu la namna hii halipati joto kali linapoganda, na kwa sababu hiyo wajenzi wa mabwawa hulipenda. Bwawa la Hungry Horse huko Montana, Marekani, lililokamilika mwaka 1953, lilikuwa mojawapo ya kazi kubwa za kwanza kulitumia. Zaidi ya hayo, kila tani ya saruji ichomwayo kiwandani hutoa hewa ya ukaa isiyopungua sana tani moja, ambapo jivu limekwisha kuchomwa tayari.

Kwa nini basi lisipelekwe kwa mjenzi jinsi lilivyo? Kwa sababu ya yale makaa. Yakizidi hunyonya dawa zinazotiwa katika zege ili lisipasuke wakati wa baridi kali. Kanuni za nchi za Ulaya hazikubali jivu la zege linalopoteza zaidi ya sehemu 9 kwa mia likichomwa upya, na wajenzi wengi hudai lisizidi 5. Jivu la kituo hubadilika siku kwa siku kadiri tanuri linavyoendeshwa, na fundi hawezi kujenga kwa kitu chenye tabia ya namna hiyo.

Si haki kuisifu njia ya maji bila kutaja kasoro zake. Kitu kilichooshwa lazima kikaushwe, na kukausha ni kuni juu ya kuni. Jivu lenye chokaa nyingi huanza kuganda likiwa bado ndani ya maji, kwa hiyo njia hii huyafaa zaidi majivu yenye chokaa kidogo kama yale ya Uingereza. Tena maji yenyewe hubeba chumvi na sumu kidogo kidogo, arseniki ikiwamo, wala hayafai kumwagwa ovyo mtoni. Hapo Mersey jambo hilo si dogo. Mto huo ulihesabiwa kuwa miongoni mwa mito michafu kabisa ya Ulaya hadi juhudi kubwa ya kuusafisha ilipoanzishwa mwaka 1985, na leo samaki aina ya samoni wamerudi.

Hata hivyo kuliacha jivu ndani ya bwawa nako kuna gharama yake. Usiku wa tarehe 22 Desemba 2008, huko Kingston katika jimbo la Tennessee, Marekani, tuta la bwawa la majivu lilipasuka. Uji wa majivu uliopita mita za ujazo milioni 4 ukamiminika katika mto Emory na juu ya mashamba, ukaziharibu nyumba kadhaa. Usiku huo hakufa mtu. Madhara yalikuja baadaye, kwa watu waliotumwa kulizoa. Walifanya kazi kwa miaka wakivuta vumbi lake, wengi wao wakaugua, na wengine wakafa kabla kesi yao haijasikilizwa. Mwezi Novemba 2018, baraza la wazee wa mahakama mjini Knoxville liliamua kwamba mkandarasi hakuwalinda jinsi ilivyompasa. Askari yeyote aliyewahi kuamriwa kusafisha mahali pa hatari ataelewa kwamba glavu na kitambaa cha pua si mambo ya anasa.

Huko Fiddlers Ferry mambo yalimalizika kwa njia nyingine. Kituo kilikuwa kimekwisha kuonja nguvu za upepo mwezi Januari 1984, dhoruba ilipouangusha mnara mmoja, nao ukajengwa upya. Kilichokishinda ni hesabu za fedha na sheria za hewa safi. Tarehe 31 Machi 2020 moto ulizimwa, na tarehe 3 Desemba 2023 minara minne ya kwanza iliangushwa kwa baruti mbele ya umati wa watu. Hasara moja ambayo wengi hawakuifikiria ilitokea katika mfereji wa zamani. Sehemu yake ya Widnes ilikuwa ikipata maji yaliyopigwa na pampu za kituo, na pampu ziliponyamaza maji yakaanza kupungua, wenye mashua wakabaki na vyombo vyao juu ya tope.

Kituo cha mwisho cha makaa nchini Uingereza, Ratcliffe-on-Soar, kilifungwa tarehe 30 Septemba 2024, miaka 142 tangu London ilipowashiwa taa kwa umeme wa makaa. Tangu hapo hakuna jivu jipya, na wajenzi bado wanalihitaji. Nchi iliyotumia karne nzima kutafuta mahali pa kulitupa jivu lake sasa huliagiza kwa meli kutoka ng'ambo, na huko Yorkshire mashine zimekwisha kuanza kuuchimbua mlima wa Gale Common, uliorundikwa toka miaka ya 1960 kwa majivu yaliyosafirishwa na maji ndani ya mabomba. Jivu la zamani ni chafu na limelowa, halifai bila kutengenezwa, na hapo elimu ya povu, sumaku na faneli inatafutwa tena.

Mabwawa ya Fiddlers Ferry yamo kati ya mfereji na mto. Matete yameota pembezoni, na ndege wa majini huyatembelea, nao wapenzi wa ndege huwafuata na darubini zao wakati maji ya Mersey yanapokupwa.