Lubumbashi hadi Dar es Salaam: mega za tablete bila kula mtaji

Tumerudi salama, na mizigo imefika. Wengi wenu hamkutuuliza bei ya vitenge tu. Mliuliza pia tulivyoweza kuwatumia picha kila jioni kutoka Kariakoo bila kumaliza pesa ya kikundi kwa intaneti. Leo tunaeleza njia nzima, mpaka kwa mpaka, ili watakaosafiri baada yetu wawe na pa kuanzia.

Tulikuwa wamama watano na tablete moja ya kikundi. Ndani yake mna hesabu za likelemba, orodha ya vitu vilivyoagizwa na picha za sampuli. Simu inatosha kwa kuongea, lakini rangi ya kitenge na maandishi madogo ya risiti vinaonekana vizuri kwenye kioo kikubwa. Kwa hiyo tablete ilipaswa kuwa na intaneti yake.

Kabla ya kutoka nyumbani

Kwanza angalieni kama tablete ina nafasi ya kuweka kadi ya SIM. Nyingine zinashika Wi-Fi tu. Hizo zitategemea simu inayogawa mtandao. Ulizeni pia kama haikufungwa kwa kampuni moja: wekeni ndani SIM ya kampuni nyingine hapa hapa Lubumbashi, mwone kama inakubali. Ni afadhali kujua hilo ukiwa Kenya au Kamalondo kuliko kulijua ukiwa Tunduma.

Halafu pakueni ramani ya njia mkiwa kwenye Wi-Fi, ili ifunguke bila intaneti. Katika WhatsApp, zimeni kupakua picha na video kwenyewe. Ujumbe wa sauti unakula kidogo sana. Video ndiyo mlaji: saa moja ya kutazama inaweza kumaliza mega mamia kadhaa.

Kasumbalesa: mahali pa kuwa macho

Kutoka Lubumbashi hadi Kasumbalesa ni kama kilomita 90. Pale minara ya Kongo na ya Zambia inasikika pamoja, na tablete inaweza kushika mtandao wa ng'ambo hata kabla hujapiga muhuri. Ndiyo maana, kabla ya kufika, tulifungua mipangilio na kuzima palipoandikwa « Itinérance des données ». Ukiacha pamewashwa, SIM ya nyumbani inaweza kuendelea kuvuta intaneti kwa bei ya ugenini, na kredi inaisha wakati wewe uko kwenye foleni.

Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi. Airtel iko Kongo, iko Zambia, iko Tanzania. Vodacom iko kwetu na iko Tanzania. Lakini jina moja si bei moja: kila nchi ina kampuni yake na bei zake, na forfe uliyonunua Lubumbashi kwa kawaida imetengenezwa kwa matumizi ya Kongo. Wenye umri wetu wanaikumbuka Celtel, ambayo mwaka 2006 iliunganisha Kenya, Uganda na Tanzania, na mwaka 2007 ikaingiza Kongo, ili mtu aongee akiwa kwa jirani bila kulipa zaidi. Huo ulikuwa mpango wa kuongea na ujumbe mfupi. Msiuchukue kama ahadi ya mega za leo. Ulizeni kampuni yenu bei ya siku hiyo kabla ya kuondoka.

SIM ya pale unapokwenda

Njia iliyotusaidia ni hii: simu zilibaki na SIM za Kongo, na tablete ikapewa SIM ya nchi tuliyomo. Hivyo namba zetu za M-Pesa na WhatsApp hazikuguswa. WhatsApp ikikuuliza kama unataka kubadilisha namba, kataa, uendelee na ile ya nyumbani.

Zambia kuna Airtel, MTN na Zamtel. Tanzania kuna Vodacom, Airtel, Halotel, TTCL na Yas, ile iliyoitwa Tigo mpaka mwaka 2024. Nchi zote mbili zinataka SIM iandikishwe kwa jina lako. Tanzania wanachukua na alama za vidole, na mgeni anaonyesha pasipoti. Vijana wa mpakani watakuuzia SIM iliyokwisha kuandikishwa, haraka na bila maswali. Tuliwakatalia. SIM hiyo ina jina la mtu mwingine: ikifungwa huna pa kulalamika, na mwenye jina akiwa na kesi, wewe ndiye unayeishika mkononi. Nendeni dukani kwa kampuni au kwa wakala wake, mngoje mpaka mega zifanye kazi mbele yake.

Lugha nayo inasaidia. Huku Copperbelt, Kibemba cha nyumbani kinatosha. Tanzania ukisema « puce » watakutazama, sema laini. Forfe wanaita kifurushi au bando, na kredi wanaita vocha. Uliza pia kama kifurushi cha siku kinakwisha baada ya saa 24 au usiku wa manane. Na mkumbuke, saa ya Tanzania iko mbele ya Lubumbashi kwa saa moja.

Tulinunua kifurushi kimoja kikubwa cha wiki kwenye tablete, kisha tukagawa mtandao kwa simu tano jioni tu, kwa nusu saa. Gharama tuligawana sawasawa, ikaandikwa daftarini kama nauli.

Usiku wa Mpika

Baada ya Kapiri Mposhi, pale inapoanzia reli ya TAZARA, njia ni ndefu: Serenje, Mpika, mpaka Nakonde. Porini mtandao unakuja na kupotea. Tulipofika Mpika usiku, ujumbe ukaingia: mtoto wa mwenzetu, kule Katuba, ana homa kali, na hospitali inataka malipo kwanza. Mama yake alitaka kushuka kwenye basi. Tukamwomba angoje kidogo, tukawaandikia mliobaki, na mweka hazina akatoa pesa ya msaada usiku ule ule. Kabla ya mapambazuko tulipata picha ya risiti, na sauti ya mtoto mwenyewe akisema amekunywa dawa. Mama aliisikiliza mara nyingi mpaka Tunduma.

Kwa hiyo tunashauri: kila safari iweke mega za akiba ambazo hazitumiki kwa picha za biashara wala kwa video. Mmoja wenu azitunze kama anavyotunza pesa ya kurudia nyumbani.

Jumamosi, kwa mkutano, leteni tablete na simu zenu. Tutaangalia pamoja nafasi ya SIM, tutazima itinérance, na kila mtu ajifunze kuiwasha na kuizima mwenyewe.