Tulipoingia kwa Mlango wa Nyuma

Mwaka 2004 nilikuwa na miezi miwili tu Beijing, nikijifunza Kichina. Jumatatu moja isiyo na vipindi, mimi na mwanafunzi mwenzangu kutoka Mombasa tuliegesha baiskeli karibu na kilima cha Jingshan, tukavuka barabara, tukatoa noti dirishani na kupewa tiketi za karatasi. Tukaingia Gugong, kasri la wafalme wa China, kwa lango la kaskazini liitwalo Shenwumen. Hakuna aliyetuambia kwamba huo ulikuwa mlango wa nyuma.

Kwa hiyo wafalme tuliwakuta kwanza nyumbani kwao. Tulianzia bustanini, penye miti mizee iliyopinda mgongo, tukafuata vijia vyembamba kati ya kuta nyekundu hadi kwenye nyua za wake zao na vyumba vya kulala. Mwenzangu alisimama mbele ya pipa la shaba linaloweza kumficha mtu mzima. "Hili kwetu lingepikiwa pilau ya harusi," akasema. Kumbe lilikuwa la maji ya kuzimia moto. Kasri ni la mbao, na mwaka 1421, miezi michache tu baada ya ujenzi kukamilika, radi iliziteketeza kumbi zake tatu kuu. Nilipopitisha kidole ubavuni mwa pipa nilihisi mikwaruzo. Lilikuwa limepakwa dhahabu, na inasemwa askari wa mataifa ya kigeni walioivamia Beijing mwaka 1900 waliikwangua kwa singe za bunduki zao.

"Dada, twiga wetu alitutangulia," mwenzangu aliniambia tukiwa tumekaa ngazini. Mwalimu wake alikuwa amemsimulia: mwaka 1415 ujumbe kutoka Malindi ulimpelekea mfalme Yongle twiga, na watu wa ikulu wakamfananisha na qilin, mnyama wa baraka wa hadithi zao. Yongle ndiye aliyelijenga kasri hili, kuanzia 1406 hadi 1420. Mnyama wa Pwani alifika nyumba ikiwa bado kiunzi.

Tulipofika Taihedian, ukumbi wenye kiti cha enzi, miguu ilikuwa inauma na jua limeelekea kuzama. Tulichungulia mlangoni kama watu wanaotazama sebule ya jirani. Tulikuwa tumeshaona anapolala mwenye nyumba. Kiti chake hakikututisha.

Nilirudi mwaka 2024 na binti yangu, nikiwa mwenyeji wa kujidai. Nikampeleka Jumatatu, kama zamani. Siku hizi Jumatatu kasri hufungwa. Tena dirisha la tiketi limehamia kwenye simu: unaweka nafasi kwa namba ya pasipoti, na nafasi za siku moja hufunguliwa siku 7 kabla, saa 2 usiku. Binti yangu alikaa na kidole juu ya kioo kama anayevizia tiketi ya Simba na Yanga. Akazipata.

Wageni sasa huingilia kusini, lango la Wumen, na kutokea kaskazini au mashariki; utaratibu huo ulianza mwaka 2011. Basi nililiona kasri kama waliolijenga walivyotaka lionekane. Kuta za Wumen zinakukumbatia pande tatu hata kabla hujaingia. Ukipita, kuna uwanja, mto mwembamba na madaraja matano, kisha lango jingine. Nyuma yake uwanja mkubwa zaidi, usio hata na mti mmoja wa kukupa kivuli. Mbele, juu ya ngazi za mawe meupe, Taihedian.

"Mama, mbona najiona mdogo hivi?" binti yangu aliuliza.

Nikamwambia ndiyo kazi ya uwanja huo. Mimi mwenyewe, miaka 20 nyuma, ulikuwa umenipita, maana niliujia kwa kisogo.

Mengi mengine yamebadilika. Mkahawa wa Starbucks niliouona humo ndani ulifungwa mwaka 2007, baada ya Wachina wengi kulalamika kwamba haupafai mahali pale. Kila kona wasichana waliokodi mavazi ya enzi ya Qing, vilemba vya maua kichwani, walikuwa wakipigwa picha. Na palipokuwa pamefungwa mwaka 2004 pamefunguliwa pengi, hata sehemu ya ukuta wa nje. Tulipanda, tukatembea juu yake, bahari ya vigae vya manjano upande mmoja, handaki la maji upande wa pili. Zamani uliingia utakavyo ukaona kidogo. Leo unaona mengi, kwa njia uliyopangiwa.

Tulitokea Shenwumen. Jingshan ilikuwa palepale, ng'ambo ya barabara.

"Sisi hapa ndipo tulipoingilia," nikamwonyesha.

"Kwa hiyo mlianzia mwisho?"

"Tulianzia chumbani," nikamjibu. "Ndiyo maana hatukumwogopa mfalme."