Gitaa Juu ya Kabati

Jioni moja, hapa Bukavu, mzazi mmoja alitujia na gitaa la mwanawe kwapani, kama mtu aliyekamata mwizi. "Mwalimu," akasema, "lifungie hili. Tangu kijana alipate, hesabu zimemshinda." Tulilipokea bila kumwuliza kijana neno lolote. Huko tulikolelewa sisi, gitaa lilihesabiwa kuwa ndugu wa pombe.

Lilikaa juu ya kabati letu majuma matatu. Ndipo Jumapili moja tukasikia kwa jirani wimbo wa zamani uitwao Masanga. Tukasema, "Wapigaji hawa wawili wanapatana kweli!" Jirani akacheka sana. Mpigaji alikuwa mmoja tu.

Mtu huyo ni Mwenda Jean Bosco, mzaliwa wa Bunkeya, Katanga, mwaka 1930. Mwaka 1952 Mwingereza Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika kunasa nyimbo za wenyeji, alimkuta Jadotville, mji uitwao leo Likasi, akaunasa wimbo huo. Masikio yetu yalidanganywa na vidole viwili: kidole gumba huzivuta nyuzi nene na kushika mwendo, na kidole cha shahada hucheza juu yake, kikitoa sauti nyingine kabisa. Tena aliimba mara nyingi kwa Kiswahili chetu cha Kongo, kisichoomba radhi kwa mtu wa pwani. Alipokaa Nairobi, mwishoni mwa miaka ya 1950, wapiga gitaa wa Kenya walijifunza mengi kwake.

Mwaka 1969 alipiga gitaa Newport, Marekani, kwenye tamasha kubwa la waimbaji wa nyimbo za kienyeji, ambako wengi hutunga wenyewe na kujipigia wenyewe. Fikirini, wasomaji: kutoka Bunkeya hadi huko, kwa vidole viwili!

Lakini je, aliishi kwa gitaa peke yake? La. Kwa nyakati mbalimbali alifanya kazi benki na katika kampuni ya migodi, huku akiliongoza kundi lake la wanamuziki. Habari hii tulimsimulia yule mzazi kwa urefu, maana ndiyo aliyotaka kuisikia. Sisi, kusema kweli, tulikuwa bado tunafikiri juu ya kidole gumba. Hatukumficha pia kwamba safari zilikuwa nyingi, na kwamba Mwenda alifariki Septemba 1990 katika ajali ya gari nchini Zambia.

Mzazi alinyamaza kitambo. Kisha akakubali, kwa sharti kwamba daftari la hesabu litangulie. Basi kila Jumatano kijana huja kwetu na daftari mkononi na gitaa mgongoni. Hesabu zinakwenda polepole. Uzi mmoja wa gitaa ulikatika lilipokuwa juu ya kabati letu, nasi tuliulipa. Hata hivyo, bado hatujamwomba kijana radhi kwa yale majuma matatu.