Hojaji Zisizorudi

Kila mwaka, tunaposoma taarifa za utafiti za wanachuo wetu, hukutana na sentensi hii au ndugu yake: "Hojaji ambazo hazikurudishwa hazikuhesabiwa." Mwandishi huiandika kwa moyo mweupe, kisha akaendelea na majedwali yake. Sisi husita hapo hapo.

Tuseme mwanachuo aliye katika mazoezi ya kufundisha amewapelekea wazazi 40 hojaji kwa mikono ya watoto wao, akiwauliza kama huwasaidia watoto hao kazi za nyumbani. Zinarudi 26, na wazazi 22 wamejibu ndiyo. Anaandika kwamba asilimia 85 ya wazazi husaidia. Je, wale 14? Iwapo hakuna hata mmoja wao asaidiaye, kiwango cha kweli ni asilimia 55. Iwapo wote husaidia, ni asilimia 90. Tena asiyejibu mara nyingi ana sababu inayogusa swali lenyewe: hajui kusoma, hurudi usiku kutoka kazini, au mtoto wake ni mtoro na karatasi haikumfikia kabisa.

Wingi wa majibu hauponyi kasoro hiyo. Mwaka 1936 gazeti la Literary Digest la Marekani lilituma karatasi za kura ya maoni zipatazo milioni 10. Zikarudi zaidi ya milioni 2. Likatangaza kuwa Landon angemshinda Rais Roosevelt. Roosevelt akashinda katika majimbo 46 kati ya 48. Lawama iliangukia orodha ya majina, iliyotokana na vitabu vya simu na orodha za wenye magari. Lakini mwaka 1988 Peverill Squire alichambua mahojiano yaliyofanywa mwaka 1937, akaonyesha kwamba waliopokea karatasi wasizirudishe walimpendelea Roosevelt. Wote waliozipokea wangalijibu, gazeti lingalimtaja mshindi wa kweli.

Basi mwanachuo asitafute jirani aliye radhi kujaza nafasi ya aliyenyamaza. Huyo ni radhi mwingine tu. Mwaka 1946 Hansen na Hurwitz walieleza njia iliyo bora: kati ya wasiojibu, wachache huchaguliwa kwa bahati nasibu na kuhojiwa ana kwa ana. Apige kura apate wazazi 5 katika wale 14, awaendee jioni, awaulize kwa mdomo, na majibu yao yasimame badala ya yote 14. Atakayekataa aachwe kwa heshima, na kukataa kwake kuandikwe.

Wanaoondoka katikati ya utafiti hutudanganya kwa siri zaidi. Watoto 5 wenye alama 20, 30, 50, 60 na 70 wana wastani wa 46. Wawili wa chini wakiacha shule, wastani unapanda hadi 60, ingawa hakuna aliyejifunza hata herufi moja. Kwa hiyo huwataka wanachuo waziweke alama za mwanzo za walioondoka kando ya zile za waliobaki. Wengi huuficha ukurasa huo kwenye kiambatisho. Sisi huurudisha mbele ya majedwali.